Kuipiga Picha Route 66 Wakati wa Magharibi

Juma lililopita kijana mmoja aliniandikia akitaka kujua ni kamera gani niliyotumia kuipiga picha moteli ya Blue Swallow iliyoko Tucumcari, New Mexico, kwani naye anakusudia kuifuata Route 66, barabara ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926. Mdogo wangu, swali lako limenikumbusha aibu yangu, kwa hiyo nitaanzia huko.

Safari yangu ya kwanza niliipangia siku 8 kutoka Chicago hadi Santa Monica, mwendo wa takriban kilomita 3,900, nikiwa na orodha ndefu ya vituo. Nilifika Tucumcari saa tisa alasiri, jua likichoma, nikapiga picha tano na kuondoka. Moteli hiyo ya mwaka 1939 inajulikana kwa bango lake la neoni lenye mbayuwayu wa buluu, lakini mchana neoni ni mirija ya kioo iliyokunjwa tu. Nilipoipeleka picha yangu kwenye mashindano ya chama kimoja cha wapiga picha, mwamuzi alisema mbele ya watu kwamba hiyo ni risiti ya mpita njia. Neno hilo liliniuma, na linaniuma hata leo, hasa kwa kuwa lilikuwa kweli.

Miaka miwili baadaye nilirudi mwezi Juni, nikakodi chumba papo hapo, na kuisimamisha kamera kwenye stendi ng'ambo ya barabara kabla jua halijatua. Picha za mwanzo zilikuwa hafifu, kwa sababu anga lilikuwa bado linazishinda taa. Ilipopita saa mbili na nusu usiku, anga likageuka buluu iliyokolea, nguvu yake ikalingana na ya taa, na yule mbayuwayu akajitokeza wazi. Maandishi yanayojivunia hewa baridi kwa asilimia 100 yakasomeka, na wekundu ukatambaa juu ya boneti ya gari kuukuu lililoegeshwa uani. Hali hiyo ilidumu dakika 15 hivi, kisha giza likaingia na kila herufi ikaungua kwa weupe kwenye picha.

Basi subiri. Punguza mwanga kidogo chini ya kiwango ambacho kamera inakupendekezea, lakini kwanza subiri. Hata Glenrio, mji uliohamwa mpakani mwa Texas baada ya barabara kuu ya I-40 kuupita kando, huwezi kuuelewa kwa dakika kumi. Wengi huikwepa I-40 katika fremu zao ili magofu yaonekane ya kale. Mimi naona huko ni kudanganya, kwani malori yale yanayopita kwa kasi nyuma ya kituo cha mafuta kisicho na pampu ndiyo kisa chenyewe. Tunaopenda mambo ya zamani tuna tabia mbaya ya kuyasafisha.

Kamera yangu, kwa kuwa umeuliza, niliinunua mkononi mwa mtu, na mfuniko wa betri yake nimeushikiza kwa utepe mweusi.