Mkiitwa kutoa maoni, wapangaji wa Mukuru wadai nini?

Dada, umeuliza kikundi chenu cha wapangaji wa Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kidai maghorofa mapya au maji na barabara kwanza. Mimi ningeanza na maji na bomba la maji taka. Hayo humfikia hata mama anayelipa kodi ya chumba kimoja cha mabati, na hakuna atakayehamishwa mbali na kibarua chake.

Tena hamuanzi patupu. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi walishiriki kuupanga mtaa wao. Ulizeni mpango huo umefikia wapi.

Maghorofa nayo siyakatai, ila shikeni jambo moja kwa nguvu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imetenga daraja la nyumba za jamii kwa anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Basi ulizeni: katika mradi unaoletwa kwenu, ni nyumba ngapi za daraja hilo, na malipo ya mwezi ni kiasi gani? Yakizidi kodi ya sasa, mtu ataikodisha nyumba yake mpya kwa mwingine na kurudi kwenye mabati. Naye simlaumu.

Wapangaji wahesabiwe kabla ya bati lolote kung'olewa, maana mwenye ploti hujulikana lakini mpangaji husahaulika. Andikeni majina yenu wenyewe sasa, mlango kwa mlango, na barua yenu itaje Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachotambua haki ya makazi bora na maji safi.