Porsche zote sura moja, ama ni macho yangu?

SWALI: Mzee, salamu sana kutoka Umoja. Mimi kazi yangu ni kuosha magari huku Westlands, sasa juzi zililetwa Porsche 911 mbili siku moja, moja ya kitambo kabisa na nyingine bado inanuka mpya, nikazipaki pamoja nikashangaa, ni kama babu na mjukuu wake. Yaani miaka yote hiyo hawa watu wa dizaini wanalipwa kuchora kitu kimoja tu? Ama ni ubahili? – Msomaji, Umoja

JIBU: Kijana wangu, macho yako mazima kabisa, na wewe una bahati maana hizo gari unazishika, sisi wengine tunaziona tu zikitupita Waiyaki Way. Sasa wacha nikutume kitu. Siku ingine ukiwa na ile ya zamani, mkono bado una sabuni, weka kiganja pale juu ya kioo cha mbele ukiteremshe polepole kwa paa, kwa kioo cha nyuma, mpaka kwa boneti ya injini. Hutapata kona yoyote, mkono unateleza tu mpaka karibu na bampa. Huo mstari ndio gari lenyewe. Taa wanabadilisha, bampa wanabadilisha, matairi ya nyuma yamenenepa mpaka gari limekaa kama mama aliyetulia, lakini huo mstari hawagusi.

Na haukuchorwa kwa urembo peke yake. Injini ya 911 iko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, kama ile Beetle ya kitambo, na si ajabu kwa sababu ni ukoo mmoja: babu Ferdinand Porsche ndiye alitengeneza Beetle, mwanawe Ferry akaanza na gari lililoitwa 356 mwaka wa 1948, halafu mjukuu, Ferdinand Alexander, ambaye kwao walimwita Butzi, akachora hii 911 ikaonyeshwa Frankfurt Septemba 1963 hata hajafikisha miaka 28. (Hapo mwanzo iliitwa 901, Peugeot wakasema hapana, namba tatu zenye sifuri katikati ni zetu, basi ikageuzwa.) Sasa kama mbele hakuna injini, boneti inaweza kulala chini, ndio unaona madigadi yamesimama juu yake kama mabega na taa zimekaa kwa ncha, na dereva akiwa ndani anaona hayo mabega mawili anajua kabisa tairi zake ziko wapi. Grili mbele hakuna, ya nini, na injini ilikuwa inapozwa na hewa, radieta haikuwepo.

Lakini hicho kitako kizuri nacho kilikuwa na shida yake. Gari likishika kasi ule upepo unaopita kwa mteremko ulikuwa unalinyanyua nyuma, tairi zinakosa nguvu ya kushika barabara, ndio 1972 wakatoa 911 iliyoitwa Carrera RS 2.7 yenye kaspoila kadogo kamepinda juu kama mkia wa bata. Wale vijana wa kufunga spoila kwa Vitz wajue hiyo ya kwanza ilikuwa na kazi.

Kuhusu kuchoka na hiyo sura moja, walichoka bana, tena vibaya. 1977 walileta 928, injini V8 mbele, sura tofauti kabisa, na mpango ulikuwa hiyo ndiyo irithi 911. Inasimuliwa kwamba 1981 bosi mpya, Peter Schutz, alikuta chati ukutani, laini za magari mengine zinaendelea lakini ya 911 imekatwa, akachukua kalamu akaivuta mpaka ikatoka kwa karatasi ikaingia kwa ukuta. 928 ilizikwa 1995. 911 ndiyo hiyo unaosha.

Ubahili nao ulikuja baadaye, hapo hukukosea sana. Miaka ya tisini kampuni ilikuwa imebanwa na pesa, kwa hiyo ile 911 ya 1997, wanaiita 996, walikubali itumie sura ya mbele moja na Boxster, Porsche yao nyingine ya bei nafuu kidogo, na taa yote pamoja na indiketa ikawekwa kwa kipande kimoja, ikatoka na umbo la yai la kukaanga ambalo kiini kimepasuka kikamwagika upande. Mashabiki walipiga nduru! Na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kupozwa na maji, mabadiliko makubwa kuliko yote, lakini unadhani kelele nyingi ilikuwa ya maji? Ilikuwa ya yai. 2004 macho ya duara yakarudi haraka. Mimi binafsi siku hizi hilo yai naanza kulipenda, ila hapa ofisini niko peke yangu.

SWALI: Tulikuwa tunabishana kwa stage, mwenzangu anasema Porsche ilishinda Safari Rally zile za zamani, mimi nakataa. Nani analipa chai? – Msomaji, Donholm

JIBU: Mwenzako alipe. Ilikuja namba mbili 1972, ikaja namba mbili 1974, na 1978 wakaleta 911 zimeinuliwa juu kama zimevaa viatu vya mvua, Vic Preston Jr wetu akaendesha moja, namba mbili tena. Ushindi ulikuja kwa ile Safari Classic ya magari ya zamani, 2011, na aliyekuwa kwa usukani ni Björn Waldegård, yule yule wa namba mbili ya 1974. Kwa hiyo akikuletea hiyo ya 2011 mwambie hukuulizwa hiyo, na aongeze mandazi.