HD 600 zikifika, usisubiri besi ya kutikisa

Kaka, umeuliza hedifoni za Sennheiser HD 600 ulizoagiza zitasikikaje, maana umezoea zilizofunikwa mgongo. Siku ya kwanza utadhani besi imeibiwa. Mgongo wa hizi, yaani upande wa nje wa kila sikio, ni wavu mtupu, hewa inapita, kwa hiyo midundo ya chini kabisa hainenepi. Ila sauti ya mwimbaji, weee! Utasikia hadi anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Mimi zangu nilizivua mara mbili nikidhani kuna mtu mlangoni, kumbe ni kayamba iliyorekodiwa pembeni. Zina omu 300, yaani ukinzani mkubwa wa umeme, simu itazisukuma kwa shida. Tafuta amplifaya ndogo. Na usirekodi uimbaji ukiwa umezivaa, maiki itadaka mdundo wote. Feni ya chumbani nayo utaisikia, izime.