Nakagami Kenji kwenye filamu: uanzie wapi

Mkuu, umeuliza kama kazi za Nakagami Kenji, yule mwandishi wa Kijapani kutoka jamii ya burakumin, zimewahi kufika kwenye filamu. Zimefika, tena si haba.

Kwa wasiowafahamu, burakumin ni Wajapani kama wengine. Mababu zao walitengwa kwa sababu ya kazi zilizohesabiwa najisi, kama kuchinja na kutengeneza ngozi. Ubaguzi huo ulifutwa kisheria 1871, mitaani ukaendelea. Nakagami alizaliwa mji wa Shingu mwaka 1946, akapata Tuzo ya Akutagawa, tuzo kubwa ya fasihi Japani, 1976.

Mimi ningeanza na Himatsuri (1985) ya mwongozaji Yanagimachi Mitsuo. Hiyo haikutoka kitabuni, Nakagami mwenyewe ndiye aliyeiandika kwa ajili ya filamu. Mkata miti wa eneo la Kumano, Japani, mbabe na mpenda wanawake, anajiona kipenzi cha mungu wa kike wa mlimani. Kuna pahala dhoruba inamkuta na wenzake msituni, naye anakumbatia mti kama mtu aliyekutana na mpenzi wake. Mwisho sikuambii, ila usiitazame na watoto.

Sennen no Yuraku (2012) ya Wakamatsu Koji inamfuata mkunga mzee anayekumbuka vijana aliowapokea walipozaliwa. Terajima Shinobu kaigiza vizuri sana, lakini kwangu mimi ile sauti ya kitabu cha Nakagami imepotea.

Ukitaka kuona mtaa wenyewe wa burakumin huko Shingu, tafuta Roji e (2000) ya Aoyama Shinji. Humo mna picha za filamu alizopiga Nakagami kwa mkono wake kabla haujabomolewa.