Sheikh, kuipika reale ya fedha ishike rangi ya uzee inafaa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi nina kiduka cha vitu vya kale hapa Mji Mkongwe, nauza majambia, vikuku, sarafu na kadhalika. Zile reale za Maria Theresa, mtawala wa zamani wa Austria, naletewa mpya kutoka hukohuko Austria, nyeupe zinang'aa, mtalii akiziona anazirudisha mezani anasema hizi za juzi. Basi naziweka kwenye mfuko pamoja na yai la kuchemsha nililolivunja likiwa bado moto, nikizitoa zimeshashika rangi, dhahabu, zambarau, buluu, zinapendeza na bei inapanda. Simwambii mteja kuwa ni ya kale, anasoma mwenyewe mwaka 1780 ulioandikwa juu yake anafurahi. Na fedha ni fedha kweli sio bati. Mwenzangu ananiambia haramu, mimi naona nimeipamba tu, manake hata ingekaa kabatini miaka ingeshika rangi hiyohiyo. Wateja wenyewe wengi sio Waislamu. Halafu kuna jamaa yuko Muscat anataka anipe reale mbili nyeupe kwa moja yangu iliyoshika rangi vizuri, hiyo nayo vipi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, na Allah akulipe kwa kuuliza kabla hujazidi kuuza.

Hoja yako kwamba rangi ni ileile nimeifuatilia kwa mtu anayekusanya sarafu na ni kweli. Fedha ikikutana na salfa inaota utando mwembamba juu yake, utando ukiwa mwembamba sana jicho linaona manjano, ukizidi kidogo unaona wekundu wa zambarau, kisha buluu, na ukiendelea kunenepa mwisho wake ni weusi. Salfa ikitoka kwenye yai au kwenye karatasi ya bahasha au kwenye hewa ya kabati utando ni huohuo. Kwa hiyo mimi sisemi rangi ni haramu, rangi haina kosa. Ila jiulize mteja wako analipia nini pale anapotoa hela ya ziada. Analipia miaka, na wewe unamuuzia miaka ambayo haijapita.

Halafu kwenye reale hii jambo ni zito zaidi kuliko sarafu nyingine, wewe mfanyabiashara unalijua na mtalii halijui. Maria Theresa alifariki 1780 na tangu hapo sarafu yake imeendelea kugongwa na mwaka uleule, Vienna, na baadaye Roma, London, Bombay na kwengineko, na Vienna wanagonga mpaka leo. Yaani ile 1780 haimwambii mtu chochote kuhusu umri. Kilichokuwa kinamlinda mteja ni ule weupe, ndo uliomfanya airudishe mezani, na wewe ukauondoa kwa yai. Sasa unaniambia "simwambii ni ya kale", we mwenyewe unaona umemwambia au hujamwambia?

Mtume swalla Allahu alayhi wa sallam alipita sokoni kwenye rundo la chakula akatia mkono ndani, vidole vikapata maji, akamuuliza mwenyewe hii ni nini, akajibu mvua imekinyeshea ewe Mtume wa Allah. Akamwambia kwa nini usingekiweka juu watu wakakiona, mwenye kughushi si katika mimi. Hadithi iko kwa Imam Muslim. Angalia vizuri, yule bwana hakusema uongo wowote, na mvua hakuinyesha yeye. Wewe mvua umeinyesha mwenyewe.

Na karibu zaidi na swali lako ni hadithi ya kufunga viwele, pale Mtume alipokataza kuacha kumkamua ngamia au mbuzi ili kiwele kijae mnunuzi adhani ana maziwa mengi, akasema aliyemnunua mnyama kama huyo akishamkamua ana hiari, akitaka atamshika na akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende. Maziwa yalikuwa ya kweli jamani! Kama fedha yako ilivyo ya kweli. Wanachuoni wetu wa Kishafii wakaendeleza hapo, Imam Nawawi katika kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, akataja mifano ya zama zao ya mtumwa anayeuzwa, kwamba kumpaka uso wekundu au kuzipaka nywele zake weusi kunampa mnunuzi hiari ya kurudisha, lakini kuipaka nguo yake wino ili aonekane ni mwandishi hakumpi, kwa kauli iliyo sahihi, kwa sababu wino kwenye nguo si dalili ya maana na mnunuzi angeweza kuuliza. Nimekaa nikafikiri reale yako iko upande gani, na naona iko upande wa nywele, tena bila shaka, kwa sababu rangi iko kwenye kitu chenyewe kinachouzwa na ndiyo dalili ambayo watu wa fani hiyo wanaitegemea.

Na wanaitegemea kweli. Kampuni kubwa za Marekani za kupima sarafu, PCGS na NGC, sarafu wakiiona rangi yake imepikwa wanaikatalia daraja ya kawaida, haijalishi imependeza vipi. Wanaangalia rangi imekwenda kwa mpangilio kutoka ukingoni kuingia kati au imeruka, imekaa juu ya mikwaruzo ya kusuguliwa au la. Sikutajii haya ili ukapike vizuri zaidi!

Sasa utaniuliza, je nikiiweka kwenye bahasha kuukuu dirishani ishike polepole? Hapo hata wakusanyaji wenyewe wanabishana. Zile dola za fedha za Marekani ziitwazo Morgan zilishika rangi zikiwa ndani ya magunia ya turubai na hakuna aliyekusudia, wakazikubali na wakazipandisha bei. Mimi ninavyoona, ukiihifadhi kwa kuhifadhi na rangi ikaja, hiyo ni riziki, isifie na uiuze. Ukiiweka kwa kusudi la rangi, iuze pia, lakini useme. Na hata ya yai unaweza kuiuza, useme tu hii ni mpya ya Vienna, rangi nimeitia mimi, mwenye kuipenda kwa uzuri wake atainunua. Bei itashuka, najua. Sahaba Hakim bin Hizam amepokea kwa Mtume kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha wanabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya baraka inafutwa.

Hilo la kuwa sio Waislamu liondoe kichwani. Suratul Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo, imewataja "watu", haikusema Waislamu.

Ulizokwishauza: wale ambao namba zao bado unazo kwenye simu watumie ujumbe uwaeleze, hiari ni ya kwao, akitaka kurudisha mrudishie hela yake yote. Wasiopatikana kabisa, ile ziada uliyoipata kwa ajili ya rangi itoe sadaka kwa niaba yao, na ukimpata mmoja siku za mbele umlipe.

Na huyo jamaa wa Muscat, mbili kwa moja haifai hata kama rangi yako ni ya asili ya miaka 100. Fedha kwa fedha ni sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na reale moja ni gramu 28 na kidogo, mbili ni mara mbili yake, hiyo ni riba. Mwanachuoni Ibn Taymiyya ana kauli nyepesi kwenye mapambo, kwamba ziada inahesabiwa ni malipo ya kazi ya sonara, lakini hapa hakuna sonara aliyefanya kazi, na kwenye madhehebu yetu hata ufundi hauhesabiwi. Fanyeni kama Mtume alivyomuelekeza yule mtu wa tende za Khaybar aliyekuwa akibadilisha pishi mbili za tende hafifu kwa pishi moja ya tende nzuri, akamwambia auze zile kwa dirhamu kisha anunue hizi. Muuzie reale yako kwa riali za Omani, upokee papo hapo na yeye aichukue papo hapo, sio arubuni leo na sarafu mwezi ujao, biashara hiyo ikishaisha ndo ununue zake ukitaka, na asiwe amekuwekea sharti la kuzinunua.

Wallahu a'lam.