Lori la kabureta likigoma kuwaka asubuhi: kagua kabla ya kupiga stata

Lori la zamani la kabureta likilala usiku kucha kisha likakataa kuwaka, usikimbilie ufunguo. Injini iliyopoa kabisa unaipata mara moja tu kwa siku. Ukishapiga stata mara tano na kukanyaga mafuta mara ishirini, ushahidi wote umefutika: kabureta iliyokuwa tupu imejaa, plagi zilizokuwa kavu zimelowa, betri iliyokuwa nzima imechoka. Ugonjwa huu unatafutwa kabla stata haijazunguka hata mara moja, kwa tochi, macho na pua.

Petroli haiungui ikiwa matone, inaungua ikiwa mvuke. Injini iliyopata moto inatosheka na gramu 14.7 hivi za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inabaki kuchuruzika kwenye kuta za manifodi (njia ya kupeleka mchanganyiko kwenye silinda), na ni ile nyepesi tu inayogeuka mvuke. Kabureta lazima imwage petroli nyingi zaidi ili mvuke unaofika kwenye silinda utoshe kushika moto. Kazi hiyo ni ya choki, kibati kinachobana hewa kwenye koo la kabureta ili petroli izidi. Kwa hiyo gari linalokwenda vizuri likiwa moto na kugoma likiwa baridi halina haja ya kubomolewa kabureta nzima na kubadilishwa jeti (vitundu vya kupimia petroli). Jeti mbovu ingesumbua mchana pia.

Fungua mfuniko wa filta ya hewa, swichi ikiwa imezimwa, uangalie chini kwenye koo la kabureta. Kama choki ni ya kuvuta kwa mkono, mwambie mtu avute kitufe mpaka mwisho. Kibati cha choki kifunge koo lote. Mara nyingi kitufe kinatoka chote lakini kibati kinaishia nusu, kwa sababu waya umeteleza kwenye skurubu inayoubana. Legeza skurubu, funga kibati kwa kidole, kaza tena kitufe kikiwa kimevutwa, kisha hakikisha kibati kinasimama wima kabisa kitufe kikirudishwa.

Choki ya kujiendesha yenyewe inahitaji kutegwa. Kibati kinaweza kuwa wazi asubuhi na lisiwe kosa, kwa sababu wenzo wa silensa ya juu (unaoongeza mzunguko wa injini ikiwa baridi) umekishikilia. Sukuma mkono wa eksileta kwenye kabureta mpaka mwisho mara moja, uuachie. Sasa kibati kinapaswa kufunga kwa spring yake. Kisipofunga, kiguse kwa kidole: kikiwa kizito, ekseli yake imekwama kwa gundi ya petroli ya zamani. Isafishe kwa dawa ya kusafishia kabureta, wala usiipake oili, kwa maana oili inakusanya vumbi na baada ya wiki chache utarudi ulikotoka. Kikiwa chepesi lakini hakifungi, spring ya kopo la choki imelegea au kopo limezungushwa vibaya. Legeza skurubu zake, zungusha alama moja tu kuelekea upande wa mchanganyiko mzito, kaza, na usubiri asubuhi nyingine. Kupima baada ya injini kupata moto hakukuambii chochote.

Choki za umeme zina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Swichi ikiwashwa, nyingi hupata volti 12 na kuanza kupasha spring papo hapo, injini iwake isiwake. (Chache hupewa umeme na alteneta, kwa hiyo husubiri injini izunguke.) Ukiacha swichi imewashwa dakika tatu ukihangaika na kitu kingine, choki inafunguka huku injini bado ni baridi, na sasa una tatizo ulilolitengeneza mwenyewe. Tena usichukue umeme wa choki kutoka kwenye koili, inayotengeneza umeme wa cheche za plagi. Unapunguza moto wa plagi wakati unapouhitaji zaidi.

Wakati ule ulipousukuma mkono wa eksileta, ulipaswa kuona jambo la pili: mchirizi wa petroli ukiruka ndani ya koo, wenye nguvu, bila kuchelewa. Huo ni kazi ya pampu ya eksileta. Usipoona chochote, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: ama dayaframu au kikombe cha pampu kimechakaa, ama bakuli la kabureta, linalohifadhi petroli kidogo ya kutumia, ni tupu.

Hili la bakuli kukauka ndilo linalodanganya kuliko yote. Lori likilala siku moja linawaka, likilala siku nne linazungushwa mpaka betri inalia, halafu likishawaka linakwenda bila kasoro mpaka jioni. Petroli imetoka kwa mojawapo ya njia tatu: imekuwa mvuke na kupitia tundu la kupumulia, imevuja polepole kwenye vizibo vya chini ya bakuli na kuingia kwenye manifodi, au imerudi kwenye tangi kwa sababu vali za pampu ya petroli hazishiki, ingawa hapa ni mpira wa petroli unaobaki mtupu zaidi ya bakuli lenyewe. Jaribio ni rahisi. Chukua bomba la sindano, tia mililita 30 hadi 50 za petroli ndani ya bakuli kupitia mrija wa kupumulia, taratibu. Futa iliyomwagika, rudisha mfuniko wa filta, tega choki, piga stata. Ikiwaka mara moja, choki na plagi hazina hatia. Likiendelea kwenda, kilichokosekana ni petroli ya kuanzia tu. Likizimika baada ya muda mfupi, pima msukumo wa pampu ya petroli: injini nyingi za kabureta zinataka psi 3 hadi 6. Kagua pia mipira iliyopasuka kati ya tangi na pampu. Mpasuko wa upande huo mara nyingi hauvujishi petroli nje. Unavuta hewa ndani, ndiyo maana hauonekani.

Kama mchirizi upo na choki inafunga, hapo ndipo uende kwenye ufunguo, ukisikiliza. Injini ikishika, ikakimbia sekunde mbili tatu, ikazimika na moshi mweusi, imekosa hewa. Kuna dayaframu ndogo ya vakyum ambayo lazima ifungue kibati cha choki kidogo mara tu injini inaposhika, kwa kawaida milimita 3 hadi 6, kipimo kamili kikiwa kwenye kitabu cha injini yako. Tumia shina la biti ya drili kama geji. Vua mpira wake, uvute hewa kwa mdomo au pampu ya mkono: kijiti kirudi ndani na kikae hapo. Kikirudi nje polepole, dayaframu imetoboka, na hakuna kurekebisha kwingine kutakakolitibu gari.

Ikizimika huku ikikohoa na kutema kupitia kabureta, ni kinyume chake: hewa imezidi. Choki imefunguka mno, au kuna hewa inayoingia kwa wizi kwenye gasketi ya chini ya kabureta au mpira wa vakyum uliokauka. Kaza nati za kabureta kwa zamu, za mkabala, bila kulazimisha, kwa sababu kitako kikipinda hakirudi.

Stata ikizunguka kwa nguvu bila injini kushika hata kidogo, vua plagi moja. Kavu? Rudi kwenye petroli. Imelowa na inanuka? Tazama moto. Kwenye mifumo ya platini (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili), nafasi ya platini huwa milimita 0.4 hadi 0.5 kwa injini nyingi, na ya plagi 0.7 hadi 0.9. Plagi iliyotanuka mpaka 1.2 inaweza kufanya kazi injini ikiwa moto na kushindwa ikiwa baridi, wakati stata imeshachukua sehemu kubwa ya umeme.

Hapa nakaa kidogo kwenye rezista ya koili, kwa sababu watu hununua koili mpya bure. Magari mengi ya platini yana rezista inayopunguza volti za koili wakati wa kwenda, na waya mwingine unaoiruka wakati wa kupiga stata ili koili ipate umeme wote wa betri. Injini ikijaribu kuwaka pale tu unapoachia ufunguo, waya huo umekatika au swichi ya stata haiulishi. Ikiwaka ukiwa umeshikilia ufunguo na kuzimika ukiuachia, rezista yenyewe imeungua. Weka mita kwenye chanya ya koili mtu akipiga stata: isome karibu sawa na betri.

Betri yenyewe ikiwa imepumzika isome volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Wakati wa stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka kidogo tu lakini stata inazunguka kwa uvivu, pima kati ya hasi ya betri na bloku ya injini mtu akipiga stata. Zaidi ya volti 0.5 ni waya wa ethi au terminali yenye kutu, siyo betri. Oili nzito ya 20W-50 kwenye baridi kali nayo inaifunga injini kama matope.

Injini ikilowa petroli kupita kiasi, usipigepige mafuta. Kanyaga mpaka chini, ushikilie hapo bila kuachia, piga stata sekunde 10, pumzisha stata dakika moja, rudia. Kwenye choki ya kujiendesha, kukanyaga kabisa kunafungua choki na kuingiza hewa; ya mkono irudishe mwenyewe. Ikilowa kila asubuhi bila wewe kukanyaga, sindano ya boya, inayozuia petroli kuingia bakuli likijaa, haifungi: ina uchafu, au boya limeingia petroli na kuzama. Litoe, litikise karibu na sikio.

Na usimwage petroli kwa kikombe kwenye koo la kabureta huku mwenzako akipiga stata. Injini ikirudisha moto juu, mwali unafuata kikombe mkononi. Petroli iingie kwenye bakuli, kwa kiasi kidogo, mfuniko wa filta urudi mahali pake, ndipo ufunguo uguswe.