Jaji hakumwona akitoa ushahidi, atajuaje?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mdogo wangu alibakwa na jirani. Hakimu alimwamini, mtu yule akafungwa. Sasa amekata rufani, na sababu yake ya kwanza ni kwamba mdogo wangu hakustahili kuaminiwa. Jaji wa Mahakama Kuu hakuwepo siku alipotoa ushahidi huku akitetemeka. Atajuaje kama alisema kweli? Na yule bwana akiachiwa, mdogo wangu atakuwa ametangazwa mwongo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na aibu yangu. Nikiwa hakimu niliwahi kumtia mtu hatiani kwa kosa kama hilo, nikaandika sentensi moja tu: "Nimemwona shahidi, ni mkweli." Mshtakiwa alikuwa amejitetea na kuleta mashahidi wawili, sikuwagusa hata kwa mstari mmoja. Jaji akauliza, mkweli kwa lipi? Akamwachia. Nilinuna wiki nzima, halafu nikakubali kwamba aliyemwangusha yule dada ni mimi.

Kwa hiyo unalouliza lina ukweli nusu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema mara nyingi kwamba hakimu aliyemwona shahidi ndiye mwenye kauli kuhusu mwonekano wake kizimbani. Lakini hapo hapo ikaongeza njia mbili ambazo hazihitaji macho: je, maelezo ya shahidi yanashikamana yenyewe kwa yenyewe? Na yakiwekwa kando ya ushahidi mwingine, ukiwemo wa mshtakiwa, yanasimama? Hayo jaji anayapata kwenye karatasi. Tena rufani ya kwanza ni kama kesi kusikilizwa upya kwa maandishi. Jaji anawajibika kuupima ushahidi wote mwenyewe. Ikifika rufani ya pili mlango unakuwa mwembamba, maana mahakama mbili zikishakubaliana juu ya mambo yaliyotokea, ya tatu haiingilii ila pakiwa na kosa kubwa.

Kutetemeka usikutegemee sana. Nimeona waongo wakilia, na wakweli wakijibu kama wanaosoma orodha ya bidhaa.

Wala msitishwe na maneno "hakuna aliyeshuhudia". Sheria inaruhusu kutia hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli. Na kupishana kidogo kwa saa au rangi ya nguo hakuvunji kesi. Kinachovunja ni kupishana kwenye kiini: nani, wapi, nini kilifanyika. Majaji huangalia pia kama alimtaja mtu huyo mapema au alikaa kimya bila sababu inayoeleweka.

La mwongo, hapana. Mwaka 2020 majaji 7 wa Mahakama Kuu ya Australia, ambayo huko ndiyo ya juu kabisa, walimwachia kwa kauli moja Kadinali George Pell, kiongozi wa Kanisa Katoliki aliyekuwa amefungwa kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto. Hawakusema mlalamikaji alidanganya. Walikubali kwamba baraza la wazee wa mahakama (jury, yaani raia wa kawaida ambao huko ndio huamua hatia) lilimwona mlalamikaji wa kuaminika, ila ushahidi wa mashahidi wengine uliacha shaka ya msingi, na shaka hiyo ni mali ya mshtakiwa.

Mwombeni wakili wa Serikali awaeleze hukumu ya hakimu imesema nini kuhusu utetezi. Kama ameujibu hoja kwa hoja, hapo nisingekosa usingizi. Kama ameuruka, mwambieni mdogo wako mapema, asije akalisikia siku ya hukumu.